Hodi ya Fimbo

Kichwa cha ng'ombe kiliwekwa juu ya pipa, pembe moja ikielekea baharini na nyingine imevunjika tangu mwenyewe alipokuwa hai, kisha Bi Somoe akaambiwa akipige kwa moyo wake wote.

"Kipige kama kimekutukana," alisema Fundi Bunu.

"Hakijanitukana."

"Basi mimi nimekutukana. Haya, kipige."

Wakati huo walikuwa wameshapigana na karibu kila kitu kilichokuwemo karakanani. Fundi Bunu alikuwa fundi wa majokofu kabla ya kukabidhiwa Mwamuzi, mashine inayoamua mapambano ya miji, na watu wa mji wa Shungi waliapa kwamba jokofu likipita mikononi mwake lilitoa barafu hata umeme ukiwa umekatika. Siku hiyo alikuwa ameufunga upanga wa kweli, ule wa babu yake uliochezewa razha, ngoma ya panga, harusi nzima nzima, kwenye mkono wa mtambo wa kukatia mabati. Mtambo ulikuwa ukiuangusha upanga juu ya fimbo ya Bi Somoe, naye Bi Somoe akiishika fimbo kwa mikono miwili kama anavyoishika mpiganaji. Upanga ulishuka, fimbo ikalia, ikarudi nyuma, ikayumba, ikatulia. Upanga ukashuka tena. Fimbo ilitoka makovu kama goti la mtoto mtundu, lakini haikukatika.

Na kwa nini ikatike? Anayetaka kukata mti kwa upanga aulaze juu ya gogo, aukanyage, awe na subira ya mkata kuni. Mti ulioshikwa na mtu aliye hai haukai kungoja kukatwa. Hurudi na pigo, hugeuka ubavu, na kabla mti haujaumia ncha ya pili imeshafika mbavuni mwa mwenye upanga.

Pembeni, juu ya miguu mitatu, jicho la Mwamuzi lilikuwa likitazama yote hayo. Lilikuwa kioo kidogo tu, ukubwa wa kikombe cha kahawa, na sauti yake ilikuwa ya yule mtangazaji anayesoma matangazo ya vifo redioni: ya upole, isiyo na haraka, isiyokuwa na jamaa.

"Ushahidi wa fimbo umepokelewa," ilisema. "Upanga haukati fimbo iliyoshikwa. Sasa nataka ushahidi wa kichwa."

Ndipo kikaletwa kile cha ng'ombe kutoka machinjioni.

Bi Somoe alisimama. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye nywele za mvi alizozifunga kwa kitambaa cha kanga, na alikuwa amefundisha kirumbizi, ule mchezo wa fimbo wa mababu zao, kwa muda mrefu kuliko umri wa karakana ile. Mkono wa mbele aliulegeza ukawa kama tundu la kupitishia fimbo. Mkono wa nyuma ukasukuma. Ukisogea shibiri moja, ncha imekwisha kusafiri hatua mbili, na hapo hakuna mwenye upanga duniani aliyekwisha kuinua mguu.

Mfupa ulipasuka. Haukupasuka kwa kishindo. Ulitoa mlio mdogo, kama wa sahani inayoangukia kwenye zulia.

"Nimeelewa," alisema Mwamuzi.

Fundi Bunu alicheka, akapiga makofi, akacheza duara zima kulizunguka pipa. Bi Somoe hakucheka. Alikuwa akiitazama ile ncha.

"Alikuwa haelewi nini?" aliuliza.

"Fimbo! Huyu tangu azaliwe amelishwa sinema, Bi Somoe. Waliomtengeneza hawakuwa na mtu wa kumwonyesha vita, wakamwonyesha sinema. Na kwenye sinema mwenye upanga ni muungwana, mwenye fimbo ni mchunga mbuzi. Upanga ukigusa fimbo, fimbo vipande viwili. Fimbo ikimpiga muungwana kichwani, muungwana anatabasamu. Kwa hiyo huyu Mwamuzi alikuwa anaihesabu fimbo yako kuwa kofi. Kofi! Leo ndiyo kwanza amejua."

"Na fulana?"

"Fulana inaamini anachoamini Mwamuzi."

Fulana alizozitaja ni zile za ganzi. Tangu minara ya Kimya isimamishwe pwani yote, hakuna baruti iliyowaka wala risasi iliyotoka. Ukifyatua bunduki inatoa mlio wa mtu anayesafisha koo, basi. Miji ikawa inamalizia ugomvi wake uwanjani, mtu mmoja kwa mtu mmoja, kila mmoja na fulana iliyombana mwili kutoka utosini hadi nyayoni, mkononi ameshika unyasi laini ambao Mwamuzi huuvisha mwanga na uzito mpaka uwe silaha. Hakuna damu. Mwamuzi akiona mkono umekatwa, fulana inautia mkono ganzi. Wengine mikono yao iliamka baada ya miezi. Wengine haijaamka mpaka leo.

"Bunu," alisema Bi Somoe. "Mkono ukitiwa ganzi, mtu anakula kwa mwingine. Kichwa kikitiwa ganzi, anapumua kwa kitu gani?"

Fundi Bunu aliinama kuokota kipande cha pembe, akakichunguza sana, kana kwamba kilikuwa kimeandikwa jibu.

*

Nyumbani, Bi Somoe alikuwa akimlisha kaka yake uji.

Shee alikuwa mtu mzima mwenye ndevu nzuri na mikono miwili iliyoning'inia kama mikono ya kanzu iliyoanikwa. Ilikuwa imelala tangu pambano lililopita. Kila asubuhi dada yake aliiingiza kwenye mikono ya shati, kwanza wa kulia, kisha wa kushoto, na kila asubuhi Shee alifanya mzaha uleule kwamba amepata mayaya bila kuwalipa mshahara. Baada ya uji alimfuta mdomo kwa kitambaa kilicholoweshwa ncha tu. Maji ya Shungi yalitoka kwa zamu, kikombe kwa kikombe, kwa kuwa koki ya mtambo wa kusafishia maji ya bahari ilikuwa mkononi mwa Mwambani, mji jirani, na Mwambani walikuwa nayo kwa sababu walishinda. Walishinda pambano hilo, na la kabla yake, na la kabla ya hilo.

Walishinda kwa jambo moja tu, na jambo hilo watu wa nje hawakulielewa. Katika kirumbizi hakuna anayeanza kupiga. Anayeingia hubisha kwanza: anaigusa silaha ya mwenzake taratibu, ko, ko, ko, kama mtu aliyesimama mlangoni, naye mwenzake humgusia vilevile kumkaribisha. Hapo tena pigeni mpaka mchoke. Anayepiga bila hodi huitwa mwizi, na jina hilo hufuata mpaka wajukuu. Sasa weka mbele ya fimbo hiyo mtu wa upanga, na juu yao Mwamuzi aliyelishwa sinema. Fimbo inabisha, ubapa unageuka, mbao imegusa chuma: imekatika. Mpiganaji wa Shungi anabaki na kijiti cha kuchomea mishikaki, na mikono yake inafuata. Mmoja, wa pili, wa tatu, wote walibisha hodi, wote wakakatwa. Walioona kutoka mbali walisema hawa ni wajinga. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na adabu, ila adabu ilikuwa imekomaa mpaka ikawa vigumu kuitofautisha na ujinga.

"Mara hii hakuna hodi," alisema Bi Mwanamize.

Alikuwa mwenyekiti wa mji, mwanamke mfupi, mwenye sauti iliyozoea kusikilizwa, na alikuwa ameketi kwenye kizingiti bila kukaribishwa, kwa kuwa mwenyekiti hajioni mgeni mahali popote.

"Sikiliza, Bi Somoe. Kila wakitungoja tubishe, wanafanyaje? Wananyoosha upanga mbele na kuinua kidevu. Kichwa kiko wazi kama boga sokoni. Wewe unaingia, unasukuma mara moja, unatoka. Hawajui kwamba Mwamuzi amejua. Sheria inasema mji wowote unaruhusiwa kumpa Mwamuzi ushahidi, na haisemi umtangazie jirani. Hatujaiba."

"Nikipiga kichwa, mtu atakufa."

"Na Shungi itakunywa maji."

"Naweza kupiga mkono."

"Mkono unatembea, dada yangu. Wewe si msichana. Utapata nafasi moja, na ikipita, mwenzako ameshajua kwamba fimbo haikatiki, na kesho yake Mwambani nzima imejua. Utawahi mara ngapi?" Bi Mwanamize alitazama kikombe cha maji kilichokuwa kando ya Shee, kisha akatazama pembeni haraka, kama mtu aliyeshikwa akichungulia. "Wajukuu zangu wanaoga kwa kitambaa. Sisemi kitu kingine."

"Mpiganaji wao ni nani mara hii?"

Bi Mwanamize alianza kuikunja ncha ya shela yake. Hapo Bi Somoe akajua.

"Lali," alisema Bi Mwanamize.

Kijiko kilisimama njiani. Lali alikuwa mtoto wa marehemu dada yao. Alilelewa ndani ya nyumba hiyo hiyo, akafundishwa fimbo kwenye ua huo huo, akavunja mitungi ya maji mingi kuliko jeshi la kukodiwa. Alioa Mwambani, akahamia kwa mkewe kama ilivyo desturi, na huko wakampa upanga.

"Shee?" alisema Bi Somoe. "Wewe unasemaje?"

Shee aliitazama mikono yake. "Hakunikata yeye. Siku ile alisimama kando akalia, nilimwona." Akakitazama kikombe cha maji. "Kisha akaenda kunywa maji."

"Hilo si jibu."

"Nipe uji, unapoa."

*

Jioni ya kuamkia pambano, wapiganaji hunywa kahawa pamoja chini ya mtambo wa maji. Desturi hiyo haikuandikwa popote lakini hakuna aliyethubutu kuivunja. Hukaa wawili kwenye mkeka, wazee wa miji hukaa mbali kidogo, umbali wa kuona midomo na kutosikia maneno, ingawa masikio ya Bi Mwanamize yalisemekana kusikia mchwa akitafuna.

Mtambo ulikuwa ukinguruma juu yao. Mabomba ya kwenda Mwambani yalikuwa yametoka jasho la ubaridi. Yale ya Shungi yalikuwa makavu, na mjusi alikuwa akiota jua juu ya mojawapo kwa raha zake zote.

"Mama mdogo, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umenenepa."

"Ni mapenzi."

"Ni wali." Alimtazama. Alikuwa amefuga masharubu membamba, yasiyo na faida yoyote. "Na hilo juu ya mdomo ni nini? Umesahau kunawa?"

Lali alicheka mpaka kahawa ikamwagika. "Unajua Mwambani wananiita nani? Seremala. Kwa jinsi nitakavyozikata fimbo zenu."

"Seremala! Wewe uliyeshindwa kupigilia msumari wa kutundikia shati."

"Msumari haukuwa ukisema hodi, mama mdogo. Ungesema hodi ningeupata."

Hilo halikumchekesha. Lali aliona, akashusha sauti. Kwa mguu alisukuma kitu chini ya mkeka, upande wa Bi Somoe. Kilikuwa kidumu kidogo, kimefungwa kwa kitambaa, kizito.

"Kimejaa. Ya Mjomba Shee kuoga. Usiwaonyeshe wazee."

"Lali."

"Chukulia kuwa hukuniona. Nisikilize mimi. Kesho nitakukata mkono wa kushoto tu. Wa kulia nitauacha, nimeapa. Sitaki kukufanya kama walivyomfanya mjomba. Lakini siwezi kushindwa. Koki ikigeuka kwenu, kwetu mabomba yatakuwa kama hayo." Alimwonyesha mjusi. "Mke wangu ana wazazi wazee wawili ndani. Unanielewa?"

Bi Somoe alielewa. Alikitazama kichwa cha kijana, kile kichwa alichokinyoa mwenyewe mara nyingi, chenye alama ndogo juu ya sikio alipoanguka kwenye ngazi. Akasikia ule mlio wa sahani juu ya zulia.

"Kesho," alisema polepole, "shikilia mkono wako wa kushoto juu ya paji la uso. Kama nilivyokufundisha."

"Nijikinge na nini? Na kofi?"

"Shikilia tu."

Kule mbali Bi Mwanamize alikohoa. Hakikuwa kikohozi cha mgonjwa.

Lilikuwa limebaki neno moja tu, nalo lilikuwa limeshafika kwenye meno. Akilisema, Lali atawaambia Mwambani, Mwambani watadai pambano liahirishwe mpaka nao walete ushahidi wao, na wajukuu wa Bi Mwanamize wataendelea kuoga kwa kitambaa, na Shee, na barabara nzima. Asipolisema, kesho atamwona kijana huyu akinyoosha upanga na kuinua kidevu.

"Nikikubishia hodi kesho," alisema badala yake, "utanijibu?"

Lali alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemtabasamia mgonjwa. "Mama mdogo, nikijibu au nisijibu, fimbo itakuwa imeshakatika."

Bi Somoe aliimeza kahawa iliyokwisha kupoa, na pamoja nayo akalimeza lile neno.

*

Siku ya pambano jua liliwaka hadi kunguru wakawa wanatembea kwa miguu, kwa sababu hewa ilikuwa moto kuliko ardhi. Usibishe; waliokuwepo wameshuhudia. Shungi walikaa upande mmoja wa uwanja, Mwambani upande wa pili, na katikati jicho la Mwamuzi lilikuwa limesimama kwenye mlingoti wake.

Bi Somoe aliushika unyasi. Ulikuwa mwepesi kama bua la mahindi. Kisha ukavishwa: mwanga ukaupitia kutoka ncha hadi ncha, uzito ukashuka, na viganja vyake vikaitambua fimbo, makovu yake yote ya karakanani yakiwa pale pale. Mwamuzi alikuwa hajasahau hata moja.

Upande wa pili upanga ukawaka mkononi mwa Lali. Mwambani wakapiga vigelegele. "Seremala! Seremala! Tengeneza kitanda!"

Walikaribiana. Bi Somoe alisimama pale ambapo fimbo inafika na upanga haufiki, na miguu yake ikaota mizizi hapo yenyewe. Lali aliunyoosha upanga mbele, ubapa juu, tayari kubishiwa. Akainua kidevu. Mkono wa kushoto ulikuwa umening'inia kando ya paja.

Alikuwa hajaushikilia juu.

Bi Mwanamize alikuwa ameshika shela yake kwa meno. Shee alikuwa ameegemezwa kwenye kiti, na mtu fulani alikuwa amemwekea mikono yake mapajani kama anayeomba dua. Mkono wa nyuma wa Bi Somoe ulisogea. Hakuuamrisha. Ulisogea wenyewe kwa mazoea ya miaka yote, unene wa kidole tu, na ncha ya fimbo ikapanda kutoka kifuani mwa Lali, ikapita kidevu, ikatulia ikikitazama kipaji cha uso. Ilibaki kusukuma shibiri moja. Aliona jasho likimtiririka Lali juu ya ile alama ya ngazi. Aliona masharubu yake ya kipuuzi.

Akaishusha ncha.

*Ko. Ko. Ko.*

Upande wa Shungi mtu mmoja alilia kwa sauti, "Mama wee, amebisha!"

Lali aliuzungusha upanga kwa kiganja, kwa uvivu, kama alivyofanya kila mazoezi. Chuma kikaipiga fimbo katikati. Kwa mara ya kwanza katika uwanja huo ikasikika sauti ya mti mzima, mnene, uliopigwa na ukakataa. Upanga uliruka juu. Fimbo ilibaki.

Vigelegele vilikatika kama redio iliyochomolewa. Lali aliitazama fimbo, akautazama upanga wake, akamtazama Mwamuzi juu ya mlingoti. Hakuwa mjinga. Alikuwa mwanafunzi wa Bi Somoe. Mtu aliweza kuziona hesabu zikipita usoni mwake: kama haikatiki, basi si kofi, kama si kofi, basi dakika iliyopita nilikuwa nimesimama wapi?

Mkono wake wa kushoto ukapanda juu ya paji la uso.

"Mama mdogo, mmefanya nini?"

"Hodi, Lali."

Lali aliugusa mti kwa upanga mara tatu, polepole, kama alivyofundishwa uani.

"Karibu," alisema. Na papo hapo akamvamia.

Hapo ndipo watu wa miji miwili walipoona kitu ambacho hakuna sinema iliyowahi kuwaonyesha. Mwenye upanga alikuwa kijana, mwepesi, mwenye mbavu za chui, na hakuweza kufika. Kila alipopiga hatua, ncha ilikuwa imeshamngoja: kifuani, kooni, gotini. Alikwenda kulia, ncha ikaenda naye, kwa kuwa yeye alisogeza mwili mzima na mwanamke yule alisogeza kiganja. Aliupiga mti ukaenda kando, akaingia, na mwisho wa pili wa fimbo ukatoka chini na kumgonga paja. Fulana ikaamini. Paja likafa ganzi, akawa anaburuta mguu. Shungi walisimama wote kwa pamoja.

Lakini alikuwa amefundishwa na nani? Kasoro ya fimbo ni vidole vinavyoishika, na Lali alilijua hilo tangu alipokuwa akivigonga vidole vya watoto wenzake. Safari iliyofuata hakuupiga mti. Aliulaza upanga juu yake, akauteleza kwa urefu wake wote kama mtu anayeparua mkonge, na makali yakafika kwenye mkono wa kushoto wa Bi Somoe.

Vidole vikatoweka. Vilikuwepo kwa macho, lakini yeye mwenyewe hakuwa navyo tena. Baridi ikapanda kiganjani, ikapita kiwiko, ikafika begani, na mkono mzima ukaanguka kando yake kama kitu cha mtu mwingine.

Na Lali alikuwa ndani. Mwenye upanga akishaingia ndani ya fimbo, urefu wote ule wa mti ni mzigo tu. Aliinua upanga kwa pigo la pili. Ili auinue, ilibidi aushushe mkono aliokuwa amejikinga nao, ajizuie asianguke juu ya mguu mfu. Kichwa chake kikawa wazi, karibu, chini kidogo ya mkono wa kulia wa Bi Somoe ulioshika fimbo kwa mkia.

"Kichwa!" alipiga kelele Bi Mwanamize. "Kichwa, Bi Somoe!"

Kichwa kilikuwa kikubwa na hakikuwa kikitembea. Bega lilikuwa jembamba, tena linageuka. Alijua atakosa. Alijua kabisa kwamba atakosa, na upanga utashuka, na atakaa kwenye kiti kando ya Shee, mmoja akimtazama mwenzake wakisubiri kulishwa na majirani.

Alipiga bega.

Mkia wa fimbo uliupata mfupa ule mwembamba unaoshika shingo na bega. Upanga ulikuwa umefika upana wa kiganja kutoka shingoni mwa Bi Somoe ulipozimika, ukaanguka mchangani, ukawa unyasi. Lali alipiga magoti. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala.

"Mwambani haina silaha," alisema Mwamuzi, kwa sauti yake ya matangazo ya vifo. "Shungi." Kisha akaongeza neno ambalo hakuwahi kulisema uwanjani: "Nimeelewa."

*

Koki iligeuzwa. Shungi ilioga ndani ya nyumba, nje ya nyumba, na juu ya mapaa. Wapo waliooga kwa sabuni mpaka samaki wa pwani nzima wakanukia mawaridi kwa wiki nzima.

Bi Mwanamize alikuja na halua, akaketi kizingitini.

"Sikulaumu," alisema, na hiyo ndiyo ilikuwa lawama. "Ila ungemwua mmoja, siri ingebaki yetu. Wangesema moyo wake ulisimama kwa jua. Sasa wamejua. Nimepita mpakani leo: wanakata miti, Bi Somoe. Mirefu. Na hawa hawakukulia kwenye ua wako. Kichwa kwao ni kichwa."

Akaondoka, halua akaiacha.

Baada ya hapo Bi Somoe alianza kusikia vitu. Asubuhi, akimvisha Shee shati kwa mkono mmoja, wakati huo wakiwa na mikono mitatu iliyolala nyumba nzima, alisikia upepo ukileta mlio wa mashoka kutoka Mwambani. Barabarani watoto walicheza pambano. Walitumia vipande vya mabomba. Alikaa dirishani akiwasikiliza, akingoja zile *ko, ko, ko* za mwanzo, lakini alisikia pigo tu, na kilio, na kicheko. Alitoka akawafundisha. Walimsikiliza kwa heshima sana. Alipoingia ndani, wakaendelea bila hodi.

"Ni watoto," alisema Shee.

"Mwamuzi naye anawatazama. Huchukua ushahidi popote."

Ndipo asubuhi moja, Shee akiwa bado amelala, mlango ukagongwa.

Ulikuwa mlio mmoja mzito, wa chini, wa kitu kigumu kwenye mbao. Mmoja tu. Bi Somoe alingoja wa pili na wa tatu. Haikuja. Alipojitazama aliona amesimama katikati ya chumba na fimbo iko mkononi, mkia umebanwa kwapani, ncha imeelekezwa mlangoni, kwenye urefu wa kichwa cha mtu. Hakukumbuka kuichukua.

"Nani?"

Sauti ikajibu kutoka nje: "Ni mimi, mama mdogo. Seremala."

"Mbona hubishi kama watu?"

"Nina mkono mmoja, na umeshika dumu. Nimebisha kwa kiatu." Dumu likagusa ukuta. "Ni tupu. Wazee wa nyumbani wana kiu… nimeona nije kabla watu hawajaamka. Nikikosea, niambie niondoke."

Dumu tupu alilitambua kwa mlio wake, lilipogusa ukuta. Au alifikiri amelitambua. Nyuma yake kungeweza kuwa na mtu mwingine, na mti mrefu, na mti huo usingesema hodi. Mambo hayo hakuwahi kuyafikiria maishani mwake kuhusu mlango wowote, na sasa aliyafikiria yote kwa mara moja, kuhusu mlango huu, kuhusu mtoto huyu.

Komeo lilihitaji mkono. Fimbo ilihitaji mkono. Yeye alikuwa na mmoja.

Aliiegemeza fimbo ukutani, karibu, mahali ambapo mguu ungeweza kuifikia. Akashika komeo.

"Karibu," alisema.